Kabla ya kushona gauni, jifunze kushusha pindo

*Familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe zinaitazama cherehani kama njia ya kupunguza gharama ya nguo. Faida ipo, ila haiko pale wengi wanapoitafuta kwanza.*

NA MWANDISHI WETU

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, vibaraza vya mafundi wa nguo Kisauni hujaa hadi mtu akakosa pa kuweka mguu. Kuanzia Mlaleo hadi Mtopanga, mifuko hupangwa mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umebandikwa kijikaratasi chenye jina, namba ya simu na vipimo. Fundi huketi kwenye mashine baada ya Tarawehe na kuinuka karibu na daku. Anayekuja kuulizia nguo yake hupewa jibu lile lile la kila mwaka: njoo kesho baada ya Alasiri.

Mama anayesimama pale mlangoni amekwisha lipia kitambaa, uzi, zipu na nusu ya ufundi. Akiwa na watoto wanne, amelipa mara nne. Kilichobaki ni kuomba Mungu mwezi usiandame kabla nguo hazijatoka mashineni.

Januari msongamano huo huhamia kwenye maduka ya sare za shule. Sketi ya mwaka jana imekuwa fupi, kaptura imetoboka makalioni, shati limechakaa ukosi, na karo nayo inasubiri.

Ndipo wazo linapozuka kwenye vyama vya akina mama: mbona tusinunue cherehani zetu, tukajifunza, tukawavisha watoto wetu wenyewe?

Wazo ni zuri. Lakini je, linaokoa pesa kweli? Jibu linategemea mwenye cherehani anashona nini kwanza, na wengi huanzia mwisho.

Mshindani wa kwanza ni Kongowea

Anayetaka kushona ili abane matumizi ana mshindani mkubwa ng'ambo ya Daraja la Nyali. Katika soko la Kongowea, kando ya viazi, ndizi na nazi, marobota ya mitumba hufunguliwa asubuhi na nguo kuchambuliwa. Zile za chaguo la kwanza, ‘kamera’, hunyakuliwa mapema na wenye vibanda. Zinazobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, hadi zifike ‘fagia’, lundo linalouzwa kwa bei ya kumaliza mzigo.

Robota moja la kawaida lina uzani wa kilo 45, na huingia nchini kupitia Bandari ya Mombasa. Mkazi wa Changamwe au Likoni anaishi mlangoni pa biashara hiyo.

Fulana ya mtoto ikiuzwa kwa bei ya soda, hakuna kitambaa kipya kitakachoshindana nayo. Mshonaji hajakanyaga pedali, na tayari ana gharama ya kitambaa, uzi, lastiki na nauli ya kwenda Biashara Street kisiwani. Mkazi wa Likoni ana nafuu kidogo, kwa kuwa feri haimtozi anayevuka kwa miguu. Hata hivyo muda wa kusubiri kivukoni nao ni mali.

Hali haikuwa hivi daima. Kenya iliwahi kuwa na viwanda vya nguo vilivyolisha soko la ndani, vikiwemo Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret iliyoanzishwa 1976. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba na nguo za bei nafuu kutoka Asia zikafurika, viwanda vikayumba kimoja baada ya kingine. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 na kuzinduliwa upya 2019.

Serikali zimejaribu kuukabili mtumba, zikashindwa. Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, na Kenya ikajitoa katika mpango huo. Rwanda, iliyoshikilia msimamo wake, ilisimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka wa 2018.

Machi 2020 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, kisha ikauruhusu tena Agosti. Kati ya Aprili na Julai mwaka huo watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, na barakoa zikawa lazima. Kwa miezi hiyo michache, mwenye cherehani nyumbani alijikuta na kazi asiyoitarajia.

Marufuku ilipoondoka, bei za Kongowea zikarudi kuamua. Kwa hiyo anayejifunza kushona ili awashonee watoto fulana na kaptura za kuchezea ataingia hasara. Mavazi ya kila siku ni milki ya mtumba.

> *Mavazi ya kila siku ni milki ya mtumba. Cherehani ya nyumbani inapata faida yake kwingine.*

Pwani na sindano ni jamaa wa zamani

Kushona nyumbani si jambo geni huku. Masimulizi ya leso yenyewe yanaanza na sindano. Yanasema kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua vitambaa vya leso za mkononi vikiwa bado havijatenganishwa, wakavikata na kuviunga hadi vipande sita vikatosha kujifunga. Wafanyabiashara wakaona soko, wakaagiza nguo zilizochapishwa nzima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara hiyo tangu 1887.

Fahari nayo ina gharama zake tangu jadi. Katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, mwanahistoria Margaret Strobel ameeleza vyama vya ngoma ya lelemama na ushindani wake. Sare za harusi za leo, ambapo ukoo mzima hutakiwa kuvaa dera la kitambaa kimoja, zimerithi sehemu ya ushindani huo pamoja na bili yake.

Mafunzo rasmi yalifuata. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanza 1952, iliweka ushonaji miongoni mwa mambo yaliyofundishwa katika vikundi vyake. Mwaka wa 1963 Baraza la Kikristo la Kenya lilianzisha hapa Mombasa mradi wa Tototo Home Industries, ili wanawake wa kipato cha chini wapate ujuzi wa kujikimu. Mwaka wa 1969 zikafuata Bombolulu Workshops, karakana za watu wenye ulemavu ambazo ushonaji ni sehemu ya kazi zake.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, sayansikimu ilifundishwa tangu shule ya msingi. Mama wengi wa umri wa miaka 40 na kuendelea wanakumbuka kupiga bandi, kutia kifungo na kushona aproni kwa mkono. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo likaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na lisilotahiniwa halina mwalimu.

Matokeo yake yako mitaani. Kuna kizazi kizima cha wazazi vijana ambacho hupeleka shati kwa fundi ili litiwe kifungo kimoja.

Changamwe: wanajua mashine, hawajui mkasi

Upande wa Changamwe na jirani yake Jomvu una kisa chake. Huko, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, kuna viwanda vya nguo vya EPZ, yaani maeneo maalumu ya uzalishaji wa bidhaa za nje yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1990. Baada ya Marekani kupitisha AGOA mwaka wa 2000, viwanda hivyo viliajiri wanawake wengi wa Chaani, Mikindani na Miritini.

Mtu angedhani basi kila nyumba ya Changamwe ina mshonaji wa familia. Sivyo. Kiwanda hufanya kazi kwa laini: mmoja anashona mfuko, mwingine anatia zipu, wa tatu anaunga mguu wa suruali. Anayefanya kazi hiyo kwa miaka anakuwa na kasi ambayo fundi wa kibarazani haioni hata ndotoni, lakini vipande vimemfikia vikiwa vimekatwa na watu wengine.

Mwanamke huyo akikabidhiwa mita tatu za kitambaa na mtoto wa kupimwa, husita. Hakufundishwa kupima, kuchora wala kukata.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ufundi huu. Mshono ulionyooka hujifunzwa kwa siku chache, na ukikosewa hufumuliwa. Mkasi haufumuliwi. Anayejifunza peke yake kwa video za simu hugundua hilo akiwa tayari ameharibu kitambaa, na bando nalo limekwisha.

Fundi naye ana hoja

Mafundi wa mtaani hawalifurahii wazo la kila nyumba kuwa na cherehani yake, na hoja zao zina uzito.

Ya kwanza ni riziki. Kazi ndogondogo za kupunguza suruali, kubadili zipu na kutia kiraka ndizo zinazomlipia fundi kodi ya kibanda miezi isiyo na Idi wala harusi. Zikirudi majumbani zote, atabaki akingoja misimu miwili kwa mwaka.

Ya pili ni ubora. Fundi hupokea nguo zilizoanzwa nyumbani zikamshinda mwenyewe: shingo imekatwa pana, mkono mmoja umeshonwa kinyume, kitambaa kimekatwa bila kuangalia mwelekeo wa uzi hivyo gauni linavutika upande. Kurekebisha nguo hizo humchukua muda mrefu kuliko kuanza upya, na mwenye nguo anataka alipe nusu bei.

Ya tatu ni vifaa. Fundi ana ovaloki inayokata na kufunga ncha za kitambaa zisifumuke, ana pasi nzito na meza ndefu ya kukatia. Mashine moja ya nyumbani haiwezi yote hayo.

Hata hivyo wapo mafundi waliokwisha kuona upenyo. Hukata kwa malipo, na mteja akaenda kujishonea. Kwa anayejifunza, huo ni mpango mzuri: sehemu yenye hatari inafanywa na mjuzi, sehemu yenye kuchukua muda inafanywa nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakatazwi kuinama na mwenzake.

Hesabu ya mashine

Chukua familia ya watoto wanne kama mfano. Tuseme wamenunua cherehani ya mguu kwa Sh15,000, na kila nguo mpya wanayojishonea inawaokolea Sh250 baada ya kutoa kitambaa na vifaa. Kila mtoto akishonewa sare mbili na nguo moja ya Idi kwa mwaka, hizo ni nguo 12, sawa na Sh3,000. Kwa mwendo huo mashine itarudisha pesa zake baada ya miaka mitano.

Miaka mitano ni mingi. Wengi huchoka kabla ya hapo, na cherehani hugeuka meza ya kuwekea televisheni.

Sasa ongeza matengenezo. Familia hiyo ikifanya kazi mbili ndogo kwa wiki ambazo ingezipeleka kwa fundi kwa Sh50 kila moja, itaokoa Sh5,200 kwa mwaka. Jumla inakuwa Sh8,200, na mashine inajilipa kwa takriban miezi 22. Familia tatu za aina hiyo zikichangia mashine moja katika chama, itajilipa kwa miezi kati ya saba na minane.

Badilisha bei kulingana na mtaa wako, lakini mpangilio hautabadilika sana: pindo na viraka huokoa zaidi kuliko magauni. Sababu ni kwamba matengenezo hayanunui kitambaa. Pia yanarefusha maisha ya nguo ambayo ingehitaji kununuliwa upya, na faida hiyo haimo hata katika hesabu tuliyopiga hapa.

> *Nguo mpya 12 kwa mwaka: Sh3,000. Kazi mbili ndogo kwa wiki: Sh5,200. Pindo na viraka huokoa zaidi kuliko magauni.*

Stima isimtie mtu hofu. Mashine ndogo ya umeme ya wati 100 ikifanya kazi saa 10 mfululizo hutumia uniti moja ya tokeni. Kinachokula tokeni ni pasi: ya wati 1,000 ikiwaka bila kukatika humaliza uniti hiyo kwa saa moja. Ndiyo maana mafundi wengi hawajaachana na pasi ya makaa, na cherehani ya mguu bado ina wapenzi wake mitaani ambako stima hukatika.

Pindo, ukosi na goti

Matengenezo ni ufundi kamili, na una siri zake.

Anza na pindo la sketi. Mtoto wa shule hurefuka kwa kasi kuliko anavyonenepa, hivyo sketi humwishia magotini wakati kiuno bado kinamtosha. Sketi nyingi za dukani huja na pindo la sentimita mbili au tatu, na hapo hakuna cha kushusha. Anayejishonea huacha pindo la sentimita nane, akalishona kwa mkono kwa nyuzi zisizokaza. Januari inayofuata hulifumua, akashusha sentimita tatu, na mwaka unaofuata tatu nyingine.

Mstari wa pindo la zamani utaonekana. Kitambaa kilicholowanishwa kwa maji yenye siki kidogo, kikawekwa juu ya mstari huo na kupigwa pasi, hulainisha mkunjo. Rangi ikiwa imepauka, siki haifui dafu. Hapo mshono wa mapambo au utepe wa rangi ile ile hupitishwa juu ya mstari, ukafunika.

Njoo kwenye ukosi wa shati. Huchakaa juu, kwenye mkunjo unaogusa shingo, huku upande wa chini ukiwa mzima kama siku uliponunuliwa. Mjuzi hukunja ukosi katikati na kutia alama ya chaki kwenye kitovu chake, akatia nyingine kwenye mkanda wa shingo unaoushika. Kisha huufumua kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, akaugeuza na kuurudisha mahali pake alama mbili zikikutana. Hupiga bandi kwanza, akaujaribu kwa kuufunga kifungo cha juu, ndipo akaupitisha mashineni.

Anayeruka alama za chaki hupata ukosi uliokaa upande, na mtoto atachekwa shule nzima. Aliyezitia hupata shati ambalo jirani hatajua kama liliguswa.

Kisha kuna suruali ya baba. Hutoboka gotini na makalioni, lakini mapaja ya mbele na miguu chini ya goti mara nyingi ni mizima. Hapo hutoka kaptura ya mtoto wa miaka sita, na mifuko ya zamani ikitolewa kwa uangalifu hutumika tena. Zipu nayo haitupwi.

Mtumba wenyewe huingia hapa. Shati kubwa la kiume kutoka lundo la fagia, ambalo wengi hulipita kwa sababu ya ukubwa wake, lina kitambaa cha pamba cha kutosha blauzi ya msichana wa miaka 10. Kwa mwenye kujua kukata, lile lundo ni duka la vitambaa, na bei yake haifiki ya mita moja ya Biashara Street. Cherehani na Kongowea zikishirikiana namna hiyo, familia hupata zaidi kuliko ikichagua moja.

Sketi mbili kwa mita moja na robo

Sare ya shule ndiyo nguo mpya inayostahili kushonwa nyumbani mapema, kwa sababu si rahisi kuipata katika mtumba na huvaliwa siku tano kwa wiki.

Msichana mwenye kiuno cha sentimita 60 anayetaka sketi ya urefu wa sentimita 50 anahitaji kipande cha sentimita 62: ongeza nane za pindo na nne za kiunoni. Kitambaa cha upana wa inchi 60 kina sentimita 152, mara mbili na nusu ya kiuno chake, upana unaotosha marinda. Sketi mbili basi zinatoka katika sentimita 124. Mita moja na robo inatosha, na wengi huambiwa dukani wanunue mbili.

Kitambaa kikiwa cha pamba, kiloweke na kukianika kabla ya kukikata. Kitambaa kinachorudi baada ya kushonwa hurudi na mtoto akiwa ndani yake.

Kikwazo ni shule zenyewe. Baadhi huelekeza wazazi kwenye duka moja, na Mamlaka ya Ushindani nchini imewahi kuzitahadharisha shule kuhusu kuwafunga wazazi kwa muuzaji mmoja. Wenye maduka hujibu kwamba rangi lazima zifanane na nembo isichakachuliwe. Hoja ya rangi ina ukweli: kijani cha roli moja ya kitambaa si kijani cha nyingine, na mtoto mwenye sketi ya rangi tofauti huonekana gwarideni.

Suluhu iko katikati. Shule inaweza kutaja aina ya kitambaa na kuuza nembo peke yake, mzazi akaishona nyumbani. Sweta haina mjadala. Hiyo hufumwa kwa mashine nyingine, na mzazi atainunua tu.

Anayejifunza hana saa nane za kukaa darasani

Njia za kujifunza mashine ni tatu. Ya zamani ni kukaa na fundi: mwanafunzi hulipa ada, akaanza kwa kufagia vipande na kutia vifungo, akapanda polepole. Ya pili ni vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, ambavyo zamani vilijulikana kama polytechniki za vijiji. Anayemaliza anaweza kufanya mitihani ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Ya tatu ni simu.

Kwa mama wa Mtongwe au Magogoni, zote zina kasoro. Alfajiri anakaanga mahamri, jioni ana karai la viazi, katikati ana mtoto mgongoni. Kozi ya vyuo imepangwa kwa kijana anayetafuta ajira, wa kukaa darasani kutwa kwa miezi. Mama huyu hahitaji cheti. Anahitaji saa mbili, kuanzia saa nne asubuhi, mara mbili kwa wiki, na mtu wa kumwonyesha namna ya kugeuza ukosi.

Mpangilio wa masomo nao unapasa kugeuzwa. Mara nyingi mafunzo huanza na sketi na gauni jipya, matengenezo yakaachwa mwanafunzi ajiokotee. Kwa lengo la kuokoa pesa, inafaa iwe hivi:

• Mwezi wa kwanza: sindano ya mkono. Vifungo, pindo, bandi na viraka. Mashine haihitajiki bado, hivyo usiinunue.

• Mwezi wa pili: kufumua. Nguo kuukuu ikifumuliwa mshono kwa mshono huonyesha vipande vyake, na kila kipande ni kielelezo cha kukatia kingine.

• Mwezi wa tatu: mashine. Mishono ya kunyooka, zipu, lastiki, kupunguza mtumba.

• Mwezi wa nne: kupima na kukata sketi au kaptura ya sare. Gauni la Idi lingoje mwaka wa pili.

Anayefika mwezi wa tatu bila kuchoka ndiye anayestahili kutumia Sh15,000. Wengine watakuwa wamejua hali yao kwa gharama ya sindano na uzi.

> *Mashine inunuliwe mwezi wa tatu. Sindano ya mkono hutosha kwa miwili ya mwanzo.*

Na baba je?

Kuna jambo moja ambalo mijadala ya vyama hulipita kimya. Ukipita vibarazani Likoni au Kisauni, nyuma ya cherehani utamkuta mwanamume mara nyingi. Ushonaji ukilipa ni kazi ya wanaume. Ukiwa wa kuokoa pesa za nyumbani, unaambiwa ni wa mama.

Mama huyo tayari ana siku isiyo na mapumziko. Akiongezewa sare za watoto wanne, kile familia inachookoa kwa shilingi kinalipwa kwa usingizi wake. Hesabu yoyote isiyohesabu saa zake ni pungufu.

Hakuna kinachomzuia mvulana wa darasa la sita kushona kifungo chake, wala baba kupinda suruali yake mwenyewe. Kazi ndogondogo zikigawanywa, zile mbili za kila wiki katika hesabu yetu hazimwangukii mtu mmoja.

Kaunti ina mamlaka tayari

Kuna njia ya kisheria ya kupunguza mzigo huu, na haihitaji sheria mpya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha majukumu ya kaunti. Katika kifungu kimoja limeweka pamoja elimu ya chekechea, polytechniki za vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kutunzia watoto.

Polytechniki na chekechea husikika kila bajeti inaposomwa. Vituo vya ufundi wa nyumbani hutajwa mara chache, ingawa vimo katika sentensi ile ile. Na walioiandika Katiba waliviweka jirani na vituo vya kutunzia watoto, jambo ambalo mama yeyote wa Timbwani au Port Reitz angewaambia ni la lazima: darasa la kushona haliwi darasa ikiwa mtoto wa miaka miwili anacheza na mkasi.

Kituo cha namna hiyo hakihitaji jengo jipya. Ukumbi wa wadi ukitumika asubuhi mbili kwa wiki unatosha, pamoja na cherehani chache za mguu na fundi wa mtaa anayelipwa kufundisha kukata. Malipo hayo yatamfidia sehemu ya viraka atakavyovikosa. Waliowahi kufanya kazi EPZ wanaweza kufundisha mashine, eneo ambalo kasi yao haina mshindani, wakajifunza mkasi kutoka kwa fundi huyo huyo.

Vifaa vya mwezi wa kwanza havihitaji zabuni. Kila mwanafunzi aje na furushi la nguo zilizorundikana nyumbani kwake zikingoja kutengenezwa, na siku ya mwisho wa mwezi apige hesabu ya ambazo hakuzipeleka kwa fundi.